Kalamu ya Kijani ya Mwalimu Chabani

Mkono wa Mwalimu Chabani ulianza kutetemeka wiki ile waliyomzika mkewe, Amisa, na watu wa Yoba, mtaa wao wa Gitega, wakasema ni huzuni, itapita. Huzuni haikupita, na mkono haukutulia. Kwanza kikombe kilicheza juu ya kisahani. Halafu kifungo cha kanzu kikakataa kuingia kwenye tundu lake. Halafu, na hili hakumwambia mtu, herufi ya alifu, kile kijimstari kimoja kilichosimama ambacho mtoto wa miaka mitano hukiandika siku ya kwanza ya chuo cha Kurani, ikamtoka imejikunja kama uzi uliofumuliwa kwenye sweta kuukuu.

Mtu mwingine angezoea. Muuza mkaa angebeba mkaa wake kwa mkono unaotetemeka, na mkaa ungefika. Lakini Chabani hakuwa na kazi nyingine iliyobaki duniani ila kuandika majina. Kila mwaka, ulipokaribia mwezi wa Shaabani, madrasa ya Muyinga alikofundisha tangu ujana mpaka uzee ilimletea Gitega bahasha ya vyeti vilivyopigwa chapa: juu aya ya Kurani, chini muhuri, na katikati nafasi nyeupe ya jina la mtoto aliyehitimu. Nafasi ile ilikuwa yake. Aliijaza kwa herufi za Kiarabu, na chini yake kwa herufi za Kizungu, na vyeti hivyo vilitundikwa sebuleni, pembeni ya picha za harusi, katika nyumba nyingi za Muyinga ambazo hakuwahi kuingia. Alipenda kufikiri kwamba kuta zile zinamjua.

Mwaka ule, bahasha ilipofika, Mustafa alipiga simu. Mustafa alikuwa mwanafunzi wake zamani. Sasa alikuwa mwenyekiti wa kamati ya madrasa.

"Mwalimu, kamati inauliza hali ya mkono."

"Mkono haujambo."

"Kwa sababu watu wanasema siku hizi kuna kompyuta. Inatoa herufi nzuri, na plastiki juu. Kama umechoka, Mwalimu, hakuna atakayekulaumu."

"Sijachoka," Chabani alisema. Alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili.

Alizaliwa Gitega, mtaa wa Waswahili, mtoto wa Athumani fundi cherehani, na kwa kuwa alizaliwa Shaabani wakampa jina la mwezi. Bendera ya Wabelgiji iliposhushwa alikuwa na miaka minane. Asubuhi alikwenda shule, ambako kila dawati lilikuwa na tundu la kidau cha wino wa zambarau, na kalamu ilikuwa ya chuma, ya kuchovya. Alasiri alikwenda chuoni kwa Mwalimu Houssein, ambako kalamu ilikuwa tete lililochongwa na wino ulikuwa masizi ya sufuria. Shuleni alipigwa kwa kudondosha wino. Kwa Mwalimu Houssein alipigwa kwa kufuta jina.

"Neno ukilikosea, futa uandike tena," mzee yule alikuwa akisema, huku akimimina maji juu ya ubao wa mtoto. "Jina la mtu, hapana. Jina ukilikosea, omba ubao mwingine."

Chabani aliona ni ukali wa mzee tu, mpaka mwaka wa sabini na mbili. Alikuwa sekondari wakati huo. Waliporudi darasani baada ya zile wiki za mauaji ambazo hazikuwa na masomo, mwalimu wa zamu alifungua daftari la mahudhurio, akachukua rula na wino mwekundu, akapiga mstari juu ya jina moja, akateremka, akapiga mstari juu ya jina jingine. Hakuna aliyeuliza kitu. Nje mvua ilikuwa inanyesha, na mle ndani ilisikika rula ikiwekwa, ikiinuliwa, ikiwekwa. Mwaka uliofuata aliacha shule, akaenda Muyinga kufundisha watoto Kurani, na tangu hapo hakulikata jina la mtu hata mara moja. Alipokosea, maana hata mkono mzuri hukosea, alichukua cheti kingine. Kilichoharibika hakikutupwa, kwa kuwa kilikuwa na maneno ya Mungu. Kilichomwa nyuma ya madrasa na majivu yakafukiwa.

Daktari wa Gitega alimpa vidonge vilivyomfanya asinzie mchana kutwa. Alisinzia, na mkono ukaendelea kutetemeka usingizini. Akaviacha.

Akakaa na kuuchunguza mkono wenyewe, kama alivyokuwa akimchunguza mtoto asiyeshika somo. Akagundua kwamba haukuwa mbaya wakati wote. Ulikuwa mbaya pale alipoukandamiza. Na biki haiandiki bila kukandamizwa. Ukiilegezea inakwaruza tu, inaacha mfereji mweupe kwenye karatasi. Basi akajiambia, si mkono, ni biki. Akavaa kofia yake, akateremka sokoni kwa Zihalirwa.

Zihalirwa alikuja Gitega miaka ya vita ya Kivu, kule Kongo, akaanza na meza ya betri na viberiti. Sasa, tangu mji utangazwe kuwa makao makuu na maofisi yaanze kuhamia, alikuwa na duka la karatasi, na mashine ya fotokopi, na mashine nyingine ya kuvisha vyeti plastiki. Mlango uliofuata, mkewe Apolline aliuza samaki wa barafu kutoka kwenye friji kubwa nyeupe iliyonguruma kama gari bovu.

"Papa Mwalimu! Karibu. Leo unabeba biki ya buluu, ao ya buluu?"

"Biki zako zimenishinda, Zihalirwa. Zinataka nguvu. Mi nguvu sina."

"Ah, donc we unataka vitu ya watoto ya shule, ya lycée." Zihalirwa alivuta kopo lililojaa rangi, akalimwaga juu ya meza ya kioo. "Tazama. Hii yote iko jeli. Haiombi nguvu, we unaigusa tu. Hii iko ya wino ya maji, inakimbia sana, lakini ukisimama kidogo inakuchorea ziwa Tanganyika. Na hii inawaka-waka, iko ya kuandikia mchumba. Mzee, uko na mchumba?"

"Niko na binti yangu Hidaya, ananipikia. Ananitosha."

"Basi utamwandikia chumvi kwa dhahabu."

Apolline alichungulia mlangoni, mikono yake imejaa magamba ya samaki. "Papa Mwalimu, usikubali wakuuzie ile yenye mpira kichwani. Iko na shetani! Mi naandika jina ya mteja ku mufuko ya samaki, nafuta, naandika ya mwingine. Kesho natoa mufuko ku friji, majina zote mbili ziko pale, na wamama wawili wananipigia kelele kila mutu anasema samaki iko yake."

"Anaandika bila miwani, huyu," Zihalirwa alisema. "Mzee, usimusikilize."

Wakacheka wote watatu. Chabani akachagua moja ya kila rangi, ile ya mpira kichwani ikiwa miongoni mwake, akarudi Yoba na kifungu cha kalamu kwenye mfuko wa kanzu kama mtu aliyechuma maua ya watu.

Siku zilizofuata zilikuwa nzuri, na ndizo alizozikumbuka kwa uchungu zaidi baadaye. Alikaa uani, penye mwanga, na maboksi ya sukari yaliyopasuliwa, akaandika. Kwanza hakuandika kitu cha maana. Aliandika mambo ya nyumbani, ya kila siku: mvua imeanza saa sita, kuku wa jirani ameingia tena, Hidaya amekwenda kisimani. Rangi ya waridi ilipendeza ikiwa mbichi, lakini ilipokauka hakuiona bila kuinua boksi kwenye jua. Ya machungwa ilimuumiza macho. Ile ya kumetameta ilimwachia vumbi la nyota kwenye ndevu, akaingia nayo msikitini bila kujua. Ile ya wino wa maji ilikuwa kweli kama alivyoambiwa: ilikwenda kasi kuliko wazo lake, na alipotua kufikiri ikavimba doa, doa likapenya boksi mpaka upande wa pili.

Halafu akaichukua ya zambarau. Aliandika neno moja nayo, akaona dawati, tundu la kidau, vidole vidogo vyenye madoa. Akaifunika, akaiweka kando.

Hata hivyo, mkono ulitulia. Si kabisa, lakini kwa jeli ulitulia kama mtoto anayelia aliyepewa kitu cha kuchezea. Hidaya, binti yake, alikuwa ameachika na kurudi nyumbani mwaka uleule mama yake alipofariki, na tangu hapo alifanya kazi zote bila kuimba. Asubuhi moja, akijiandaa kwenda sokoni, baba yake alimpa kipande cha boksi: sukari kwa waridi, sabuni kwa samawati, chumvi kwa dhahabu ya kumetameta.

Hidaya akakitazama. "Baba, hii ni orodha ya soko au kadi ya harusi?"

"Nenda nayo hivyohivyo."

"Muuza duka ataniuliza bwana harusi ni nani."

"Mwambie ni chumvi."

Akacheka. Chabani hakuwa amelisikia cheko lile tangu msibani, na lilimfanya ainamie boksi lake kujificha uso. Ikawa desturi yao. Kila asubuhi Hidaya aliweka kalamu mbele yake pamoja na chai, na kila asubuhi alikwenda sokoni na karatasi ya rangi tatu.

Ya kijani, ile yenye mpira kichwani, aliiacha mwisho. Ilikuwa kijani kizito, kama mlango wa madrasa ya Muyinga, na maisha yake yote alikuwa ametamani kuandika majina ya watoto kwa rangi ile. Lakini madukani kulikuwa na buluu, nyeusi na nyekundu, basi. Aliandika alifu. Ilikuwa nzuri mpaka karibu na mwisho, kisha mkono ukaruka. Akageuza kalamu, akasugua kwa ule mpira wa kichwani. Alifu ikaondoka. Boksi halikuchubuka, halikubaki na kivuli. Palikuwa peupe kama pasipowahi kuandikwa kitu.

Akaifunika kalamu ile, akaiweka mbali na nyingine.

Alipofungua bahasha na kuanza vyeti, hakuanza na kalamu ile. Alianza na jeli ya kawaida, nyeusi, isiyofutika, kwa heshima ya Mwalimu Houssein. Cheti cha kwanza kikaharibika. Cha pili kikaenda vizuri. Cha tatu kikaharibika, na cha nne, na kufikia alasiri vile vya akiba vilikuwa vimekwisha, na watoto karibu wote walikuwa bado. Kuomba vingine Muyinga kulikuwa sawa na kumwambia Mustafa awashe kompyuta.

Akaishika ya kijani.

Kukata jina ni kwa rula na wino mwekundu, alijiambia. Huku si kukata. Huku ni kumwombea mtoto nafasi ya pili. Akaandika jina la msichana mmoja, Riziki binti Issa. Mkono ukaruka kwenye herufi ya zai, akafuta. Ukaruka tena, akafuta. Mara ya tatu ukakubali. Aliliinua jina kwenye mwanga, na lilikuwa zuri. Lilikuwa zuri kuliko majina aliyoyaandika akiwa na miaka arobaini, kwa sababu siku hizo aliandika kwa mazoea, na sasa aliandika kwa kuomba. Akaandika hivyo siku nyingi, jina baada ya jina, akifuta na kurudia, akifuta na kurudia, mpaka vikaisha. Alivikagua vyote pamoja juu ya mkeka. Hapakuonekana mahali mkono ulipotetemeka.

Hapo ndipo wazo la plastiki lilipomjia, na lilikuwa lake peke yake.

"Nani kakuomba plastiki?" Hidaya aliuliza.

"Vya kompyuta vingetoka na plastiki. Vyangu vitoke uchi?"

"Baba, si wanatundika tu ukutani?"

"Moshi unavila. Panya wanavila. Wazazi wamenilalamikia miaka yote. Mara hii vitakaa."

Akavifunga kwenye kitambaa cha Amisa, akavipeleka kwa Zihalirwa.

Umeme siku hiyo ulikuwa unakuja na kuondoka, na Zihalirwa alitaka kumaliza kabla haujaondoka tena. Aliviingiza kwenye mashine haraka, kimoja baada ya kimoja, uso ukiangalia chini ili, kama alivyosema, plastiki ilale vizuri. Vilitoka upande wa pili vina joto, vinang'aa, na kila kimoja alikilaza juu ya mwenzake bila kukigeuza. Chabani alikuwa amekaa kwenye kigoda akimsimulia habari za Muyinga, jinsi watoto wanavyovaa kanzu mpya, jinsi mama zao wanavyopiga vigelegele jina linapotajwa. Alikuwa na furaha. Alikumbuka baadaye kwamba alikuwa anaongea sana.

"Voilà. Ya mwisho." Zihalirwa akakigeuza cha mwisho akitaka kukisifu. Akageuza cha chini yake, na cha chini yake.

"Papa Mwalimu," alisema polepole, "majina uliandika?"

Aya ilikuwepo. Muhuri ulikuwepo. Katikati, chini ya plastiki iliyong'aa, palikuwa peupe. Kilichosalia kilikuwa kile kimoja tu cha wino mweusi, jina moja peke yake kama mtu aliyebaki uwanjani wenzake wameondoka.

Chabani hakupiga kelele. Alivigeuza vyote, kimoja kimoja, kama mtu anayetafuta uso anaoujua. Kisha akasema, kwa sauti iliyomfanya Zihalirwa amsogelee, "Aliniambia nisifute."

"Nani, mzee?"

Chabani alikuwa bado anageuza vyeti.

Zihalirwa akachana boksi, akaandika jina lake mwenyewe kwa ile kalamu ya kijani, akalipitisha kwenye mashine. Likatoka tupu. "Moto," alisema. "Ile mpira yake haifute. Inapasha moto tu. Mungu wangu. Papa Mwalimu, nisamehe, mi sikujua, nakuapia kwa watoto wangu."

Apolline alikuwa amekwisha kuingia. Alivitazama vyeti, akamtazama mumewe, na hakusema lile ambalo mke yeyote angesema. Alisema, "Vilete huku." Akafungua friji yake, akasogeza samaki, akatandika mfuko safi. "Jina ya wamama zilirudi. Na hizi zitarudi. Moto inaficha, baridi inarudisha. Mzee wangu, usilie bado. Uje asubuhi."

Chabani alirudi Yoba akitembea haraka, kama kijana kabisa. Hakumwambia Hidaya kitu. Alipoulizwa vyeti viko wapi akasema vinapoa.

Asubuhi alimkuta Apolline amesimama mbele ya friji, mikono imefungwa kifuani. Alikuwa ametandika vyeti juu ya meza, juu ya gazeti, na hakumkaribisha kwa sauti yake ya kila siku.

"Zimerudi," alisema. "Lakini, Papa Mwalimu... zimerudi zote."

Ilikuwa kweli. Kijani kilikuwa kimepauka kidogo, lakini kilisomeka. Jina la Riziki binti Issa lilikuwa pale, zuri kama alivyoliandika. Na juu yake, na chini yake, na ndani yake, lilikuwa lile la kwanza lililoruka, na lile la pili lililoruka, mistari iliyoparamiana, zai tatu zikigombania mahali pamoja, mikia iliyopinda, nukta zilizodondoka mbali. Kila alichokifuta kilikuwa kimerudi. Cheti baada ya cheti, mkono wake ulikuwa umechorwa kama ulivyo. Baadhi ya majina hayakuonekana tena kwa wingi wa kurudiwa, yalikuwa vichaka.

Na plastiki ilikuwa imekwisha kufunga. Hakuna kalamu ambayo ingeweza kuingia mle.

"Naweza kurudisha ku mashine," Zihalirwa alisema nyuma yake, kwa sauti ndogo. "Zitakuwa nyeupe tena. Nyeupe ao hivi. Unachagua nini?"

Chabani alifikiri nyeupe. Alifikiri watoto wakipewa cheti kisicho na jina, na mama zao wakikigeuza upande huu na huu. Akavikusanya, vina harufu ya samaki, akavifunga tena kwenye kitambaa cha Amisa.

Siku ya sherehe aliamka kabla ya alfajiri na Hidaya akampeleka kwenye gari la Muyinga. Njia nzima, kupita Karuzi, alikuwa anapanga atakachosema. Angesema ukweli. Angewaomba wiki moja tu, wampe karatasi nyingine. Angeandika kwa jeli nyeusi hata kama itachukua karatasi mia. Alilirudia lile neno, wiki moja tu, mpaka likawa kama uradi.

Mustafa alimpokea mlangoni kwa adabu zote, akambusu mkono wa kulia, na mkono ukatetemeka ndani ya mikono yake. Wakaingia chumba kidogo cha ofisi. Chabani akafungua kitambaa juu ya meza, akasimulia yote, kalamu, mpira, mashine, friji ya samaki. Hakuficha kitu.

Mustafa aliinua cheti kimoja, akakitazama, akakiweka. Akainua kingine. Hakucheka, na Chabani alitamani angecheka.

"Nipeni wiki moja," Chabani alisema. "Moja tu."

"Mwalimu, keti."

"Nimeketi."

"Mwalimu wangu, usihangaike. Vyeti vipo." Mustafa aliinama, akatoa boksi chini ya meza, akalifungua nusu kama mtu anayeona haya. Ndani mlikuwa na vyeti, vimenyooka, vina plastiki, kila jina kwa herufi nyeusi za kompyuta, zote sawasawa. "Tulivitengeneza pembeni. Ikiwa tu... Mungu akitaka usiweze."

"Lini?"

Mustafa akalifunika boksi. Nje watoto walikuwa wanafanya mazoezi ya kaswida, na mmoja alikuwa anakosea palepale kila wakati.

"Lini, Mustafa?"

"Kabla hatujakuletea bahasha."

Basi Chabani akaelewa. Hawakumletea bahasha ili aandike. Walimletea ili asiumie. Zile siku zote za uani, majina yote aliyoyaandika kwa kuomba, kulikuwa na boksi chini ya meza likingoja kwa upole. Wangevipokea vyake, wangevisifu, na kama mkono wake ungeonekana popote wangetoa vingine na asingejua. Alimtafuta mtu wa kumkasirikia mle chumbani, hakumpata. Mustafa alikuwa na machozi machoni.

"Mlinihurumia," alisema.

"Tulikuheshimu, Mwalimu."

"Ndiyo," alisema. "Najua."

Wakamweka kiti cha mbele, pamoja na wageni. Aliwasikia watoto wakiitwa mmoja mmoja. Riziki binti Issa alikuwa msichana mwembamba mwenye hijabu nyeupe iliyokuwa kubwa kwake. Alipokea cheti chake kwa mikono miwili, mama yake akapiga kigelegele, na hakuna kilichopungua. Hilo ndilo lililomvunja. Alikuwa ametegemea, bila kujua kwamba anategemea, kwamba kitu fulani kingepungua.

Wageni walipokuwa wanakula pilau alikwenda nyuma ya madrasa, pale shimo lilipokuwa tangu siku zake. Mustafa alimfuata akitaka kumsaidia, akamrudisha kwa ishara ya kichwa. Hakuweza kuviacha vile vyeti mahali popote. Vilikuwa na aya juu yake. Aliwasha majani makavu, akaweka cha kwanza.

Plastiki ilijikunja na kunuka. Lakini kabla moto haujaigusa karatasi, joto lake tu lilipoifikia, aliona kijani kinapauka. Majina yalikuwa yanaondoka kwanza. Yale mazuri na yale yaliyoruka, yote pamoja, yaliondoka kimya, karatasi ikabaki nyeupe na nzima kwa kitambo, kisha ndipo moto ukaja. Ikawa hivyo kwa kila kimoja. Alivisoma kwa sauti ya chini kabla ya kuviweka, jina na jina la baba, ili angalau mtu awe amevisoma. Cheti kile kimoja chenye wino mweusi kilishikilia jina lake mpaka mwisho, likageuka kahawia, likageuka jivu. Akafukia. Akapiga udongo kwa kiganja.

Mustafa alitaka kumpa nauli ya gari dogo la kukodi. Akakataa, akarudi kama alivyokuja.

Siku ya pili yake, Yoba, Hidaya alileta chai. Hakuwa ameuliza kitu. Alikuwa ameona kitambaa cha mama yake kimerudi kitupu, kina masizi, akakifua. Aliweka kikombe, akaweka kipande cha boksi la sukari, akaweka kalamu tatu: waridi, samawati, dhahabu. Akasimama akingoja, kikapu begani.

Chabani alizitazama kalamu.

"Sukari," alisema. "Sabuni. Na mafuta ya taa kidogo."

"Niandikie, Baba."

"Vitu vitatu tu, mwanangu. Utavikumbuka."

Hidaya akazikusanya kalamu, akazitia kwenye kopo dirishani, akatoka. Chabani akausikia mlango wa uani ukifungwa. Mkono wake ulikuwa juu ya boksi la sukari, unatetemeka, na kucha yake ilikuwa inakwaruza juu yake kamstari kadogo, kamoja tu, kalikopinda.